Shahada ya Uzamili Kisiwani



Wiki hii tumepokea barua kutoka mbali na pwani yetu. Dada yetu mmoja ameolewa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria katika kaunti ya Homa Bay, kinachofikiwa kwa mashua kutoka Mbita. Ana shahada ya kwanza ya sheria na watoto watatu, na anatamani kusoma uzamili wa sheria kwa masafa. Mumewe ameridhia. Mama mkwe ndiye anayeuliza: "Atasoma hadi lini, na hiyo shahada italiwa?"

Kwa heshima yake mama, tunaanza na yeye. Kisiwa jirani cha Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya, naye alipokuwa mkaguzi wa afya jijini Nairobi alijisomea kwa njia ya posta kupitia chuo cha Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha London nacho kilianza kuwatahini walio mbali mwaka 1858, na mwaka 1878 kikawafungulia wanawake shahada zake. Jambo hili, mama, si la jana.

Kwako dada, tuna neno lisilopendeza. Uzamili haumfanyi mtu wakili. Nchini Kenya, mwenye shahada ya kwanza hupitia Chuo cha Sheria cha Kenya, akafanya mitihani na mazoezi chini ya wakili mzoefu. Ikiwa hujapita huko na nia yako ni kusimama mahakamani, fedha zako zianzie huko. Lakini umetuandikia kwamba wataka kuwashauri wajane wa wavuvi, ambao wengine hawajui kuwa ibara ya 170 ya Katiba inampa Kadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu, wahusika wote wakikubali kufika mbele yake. Kwa nia hiyo, tunasema soma.

Ila usijitumbukize kwa pupa. Uzamili wa London una moduli 16, na waweza kulipia moja moja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kiko ng'ambo ya ziwa hilo hilo. Shahada ya nje sharti itambuliwe rasmi nchini, basi uulizie hilo kwanza, kisha ukiulize chuo mtihani hufanyiwa wapi. Mkopo wa riba usiuguse. Mahari yako ni mali yako; ukiyatumia, hakuna mwenye haki ya kukuuliza. (Hili nalo tunamwomba mama alisikie.)

Anza na moduli moja, uone kama saa mbili baada ya Isha zinapatikana kweli nyumbani mwako. Nawe shemeji, watoto wa saa hizo ni wako. Mtihani ukiwa bara, mvukeni siku moja kabla mkalale Mbita, kwani upepo wa ziwa haumngoji mtahiniwa.