Si kila gari la zamani ni mkweche

JICHO LA MARA
Na Mwita Magige

Jumamosi iliyopita mtoto wa dada yangu alinikuta mjini Tarime nikisubiri gari la kwenda Mugumu. Baada ya shikamoo akanipa simu yake. "Mjomba, hebu litazame hili." Lilikuwa tangazo la Mercedes-Benz 280 SL ya mwaka 1982, ile ya viti viwili isiyo na paa la bati, yenye turubai jeusi linalokunjwa na kulala nyuma ya viti. Rangi yake bluu iliyokoza, viti vya ngozi havina mpasuko. Gari lipo Nairobi, bei inazungumzika. Abiria mmoja aliyekuwa jirani yetu akachungulia, akauliza ni la mwaka gani, akatoa hukumu papo hapo: "Themanini na mbili? Huo mkweche."

Neno hilo limenikaa moyoni wiki nzima. Mkweche ni gari lililochoka: linavuja oili, linawashwa kwa kusukumwa, milango imefungwa kwa waya. Gari lile halikuwa hivyo. Kosa lake lilikuwa moja tu, kuzaliwa zamani. Nchini kwetu tumezoea kuchanganya umri na uchakavu, na mazoea hayo yanatugharimu.

Angalia tunavyonunua magari. Swali la kwanza kwa dalali ni namba gani. Ikiwa namba E, macho yanang'aa. Ikiwa namba B, bei inashuka kabla boneti haijafunguliwa. Lakini herufi ile inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini wala lilitunzwaje. Gari lililozunguka Japani miaka kumi na tano, likashushwa bandarini Dar es Salaam juzi, litapewa namba mpya kabisa. La jirani yako lililoingia likiwa changa, likamwagwa oili kwa wakati kila mara, linaitwa la zamani. Nyamongo tumeona fedha za fidia ya mgodi zikigeuka magari ya namba mpya, na baada ya misimu michache ya mvua magari hayo yakawa yamepandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Namba ilikuwa mpya, matunzo hayakuwepo.

Sasa turudi kwenye ile Mercedes. Familia yake ya viti viwili ilitengenezwa Ujerumani kuanzia mwaka 1971 hadi 1989, jumla ya magari 237,287. Gari lisilo na paa lina tabia yake, na mnunuzi lazima aijue. Gari la kawaida ni kama boksi lililofungwa pande zote. Nguvu yake imegawanyika hadi juu. Ukiondoa kifuniko, boksi linalegea. Ndiyo maana waundaji huongeza chuma sakafuni na kwenye vizingiti vya milango, maana humo ndimo mzigo wote unamobebwa. Kutu ikiingia humo, rangi inayong'aa haisaidii kitu. Fungua mlango taratibu kisha uufunge: ukining'inia, au ukigoma kukaa mahali pake, jua mwili umeanza kukunjika. Inua zulia uguse sakafu. Kagua raba za madirisha na matundu ya kutolea maji, kwa sababu turubai likivuja maji hujikusanya chini ya zulia na kula chuma kimyakimya. Tarime, kwa mvua zake za milimani, haina huruma na turubai lililozembewa.

Wapo watakaosema gari la namna hiyo ni la lami za Ulaya. Mwaka 1979 ndugu yake mwenye paa la bati, 450 SLC 5.0, aliingia Safari Rally mikononi mwa Hannu Mikkola wa Finland. Alimaliza wa pili, nyuma ya Datsun ya Shekhar Mehta, baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na matope ya Kenya. Sisi wa upande huu wa Sirari hatukuweza kuvuka kwenda kuyaona mashindano hayo, mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977 na ukaja kufunguliwa 1983. Miaka kumi na minne kabla ya mbio hizo za 1979, yaani 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mbio hizohizo kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshakimbia mashindano ya mwaka uliotangulia. Lilikuwa gari la mtumba. Likatengenezwa vizuri, likayashinda mapya.

Sheria zetu hazioni tofauti hiyo ya umri na uchakavu. Gari dogo la abiria linaloingizwa likiwa na umri wa miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa asilimia 15. Likizidi miaka 10, asilimia 30. Mitaani tunauita ushuru wa uchakavu. Kenya wamekwenda mbali zaidi: gari lililopita miaka 8 haliruhusiwi kabisa kuingizwa. Nia yao naielewa. Hakuna anayetaka nchi igeuke jalala la magari yanayotoa moshi mweusi na kukatika breki kwenye miteremko. Lakini kipimo kilichotumika ni kalenda, na kalenda haiingii uvunguni kukagua kutu.

Wenzetu wamepata njia. Ujerumani tangu 1997 inatoa namba yenye herufi H kwa gari lililotimiza miaka 30, sharti likaguliwe na kuthibitishwa kwamba limehifadhiwa katika hali yake ya asili. Uingereza gari lililopita miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara. Nasi tunaweza kuwa na kundi dogo la magari ya urithi: yawe na miaka 30 au zaidi, yakaguliwe kwa ukali, yasifanye biashara ya kila siku, kisha yaondolewe adhabu ya umri. Linaloshindwa ukaguzi lilipe kama mengine.

Najua nitaulizwa hili linamhusu nini mkulima wa ndizi wa Nyamwaga au kijana wa Mugumu. Linamhusu kwa sababu gari la zamani haliishi bila mikono ya watu. Linahitaji fundi wa kabureta, mshonaji wa viti na turubai, mpiga rangi mwenye subira, mchongaji wa bushi isiyouzwa dukani tena. Nairobi wamekuwa na maonyesho ya magari yaliyotunzwa, Concours d'Elegance, tangu mwaka 1970, na waamuzi wake hukagua usafi hadi uvunguni. Tangu 2003 mbio za Safari Classic zinaleta Afrika Mashariki watu wa mabara mengine na magari yao ya kale. Arusha mwaka 2024 iliandaa tamasha la Land Rover na barabara zikajaa. Sisi wa Serengeti, ambao mbuga yetu ilijulikana kwa ulimwengu kupitia magari hayo ya turubai, tumeyaacha mangapi yaoze nyuma ya gereji?

Baba yangu aliendesha mojawapo miaka ya sabini, kati ya Tarime na Mugumu. Kila aliporudi safari aliliosha chini kabla ya kunawa uso. Alikuwa na daftari la shule la mistari, akiandika tarehe, maili, oili aliyomwaga, plagi alizobadili. Gari lilipouzwa kwa mnada, mnunuzi aliomba daftari kabla ya kuomba ufunguo. Nilikuwa nimesimama pale, na sijawahi kumwona baba akifurahi vile.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu amwombe muuzaji wa Nairobi daftari la matengenezo. Picha zikaja jioni ileile. Mihuri imepangika vizuri tangu 1982 hadi 2008, kisha kurasa tupu, kisha mihuri inaanza tena 2017. Miaka tisa gari hilo lilikuwa mahali fulani bila mtu wa kuliandikia, na turubai jipya halijibu swali hilo.

Sikumkataza. Nimemwambia apande basi Sirari, aende na fundi anayemwamini, wasiwashe injini kwanza. Waanze kwa kuinua zulia.