Nyumba Haifi kwa Uzee



Juma hili niliitwa kusuluhisha ndugu wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao: nyumba ya ghorofa moja, ya mawe ya matumbawe na chokaa, katika mtaa wa zamani wa mji wa pwani. Kaka wawili wanataka ibomolewe, ijengwe mpya ya matofali ya saruji. Dada yao anataka ikarabatiwe. Nilisikiliza hoja zote, lakini iliyonichoma ni kauli ya mama yao mzee aliyekuwa ameketi barazani: “Padre, paa lilianza kuvuja miaka saba iliyopita. Yalikuwa mabati mawili tu. Leo wananiambia nyumba imezeeka.”

Nasema bila kumung’unya maneno: mara nyingi swali la kukarabati au kujenga upya huulizwa na watu waliokwisha kulijibu kwa uzembe wao. Nyumba ya namna hii haifi kwa uzee. Inauawa na maji. Paa likivuja, maji huingia juu ya ukuta na kuilegeza chokaa. Ncha za boriti za mikoko zilizopachikwa ukutani huoza, na mchwa hupata karamu. Boriti zikikatika, sakafu ya juu hushuka, na ukuta uliokuwa umeshikwa na sakafu hiyo huanza kutuna. Hapo ndipo mrithi hutokea mjini, akatikisa kichwa, akasema, “Haifai tena.” Je, ni nani aliyeifanya isifae?

Wapo pia wanaoua kwa nia njema. Huona plasta imebanduka, wakaita fundi aipake saruji, wakidhani wameimarisha. Chokaa hupumua; unyevu uliopanda kutoka ardhini hupata njia ya kutoka. Saruji ngumu huuziba ndani pamoja na chumvi, na ukuta huliwa taratibu nyuma ya uso unaong’aa. Huo si ukarabati. Ni kumpaka poda mgonjwa.

Nitapingwa: “Padre, unataka tufie chini ya kuta kwa ajili ya kumbukumbu?” La hasha! Tazameni Jumba la Maajabu kule Unguja, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash. Limo ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Heshima hiyo haikulizuia kuporomoka. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiwa imekwisha kuanza, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Sifa haizibi ufa. Anayeipenda nyumba kwa maneno tu naye ni mbomoaji, ila hatumii nyundo.

Basi, tuamue vipi? Kwanza, zibeni paa leo, hata kwa turubai, kabla ya kikao cha pili cha ukoo. Pili, mwiteni fundi anayeijua chokaa, asiyetarajia kupewa kazi ya kujenga, akague msingi, kuta na boriti. Msingi ukiwa imara na kuta zikiwa wima, karabatini. Boriti hubadilishwa, plasta hupigwa upya. Msingi ukiwa umetitia na kuta zimeinama kiasi cha kuhatarisha uhai, bomoeni bila kuona haya, na mawe mazuri yatumieni tena. Tatu, ketini mhesabu gharama kama yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara. Wengi hubomoa kwa siku tatu, kisha hubaki na kiwanja kilichoota magugu kwa miaka kumi.

Na nne, semeni ukweli. Kama mnachotaka ni kuuza kiwanja, semeni hivyo mbele ya mama yenu. Msiisingizie nyumba.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu zangu, hawakusema ukuta huo utajengwa kwa fedha ya nani, wala mama atalala wapi wakati unajengwa.

Kaka mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akaomba ngazi. Jioni ile mabati mawili yalibadilishwa. Uamuzi wa nyumba bado haujafikiwa, lakini mama amelala pakavu.