Majimoto, Walinzi wa Mnazi

Ukienda likizo Maramba, chini ya milima ya Usambara Mashariki, tazama juu ya minazi na michungwa. Utaona vifuko vya majani yaliyoshonwa: ndizo nyumba za majimoto. Huko Asia ya Kusini-Mashariki iko mimea iotayo juu ya miti mingine, yenye vyumba vya chungu ndani ya shina. Chungu wetu hujijengea wenyewe. Wakubwa huyavuta majani yakutane, kisha hushonea uzi wa hariri utokao kwa mabuu wao.

Wengi huvichoma vifuko hivyo kwa kuogopa kuumwa. Kumbe wanamfukuza askari wao! M. J. Way, aliyefanya utafiti Unguja na kuuchapisha mwaka 1953, alionyesha kuwa majimoto humzuia mdudu afyonzaye vidaka hata vikapukutika.

Adui wa majimoto ni sisimizi wa kahawia wenye vichwa vikubwa, wapendao ardhi tupu. Basi, usiparure magugu yote shinani. Funga kamba baina ya mti na mti, wapite juu kwa juu. Wala usinyunyize dawa kali ovyo. Siku ya kuchuma, jipake majivu mikononi na miguuni. Mlinzi huyu hadai mshahara. Anataka nyumba yake tu isichomwe.