Waya Mmoja Usizime Mtandao wa Shule

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Methali hii yawafaa wakuu wa shule hapa Machakos wanaonunua swichi za mtandao, vile visanduku viunganishavyo kompyuta, za aina inayoweza kusimamiwa, kisha wakaziacha bila kuziagiza la kufanya.

Hebu tutazame hatari yenyewe. Mwanafunzi aona waya unaning'inia katika maabara, akauchomeka kwa nia njema katika tundu tupu, asijue kwamba ncha ya pili tayari imo katika swichi iyo hiyo. Hapo kitanzi kimefungwa. Ujumbe uliokusudiwa kompyuta zote hutolewa katika kila tundu, hurudi kupitia waya ule, hutolewa tena. Ethaneti haiuwekei kikomo cha safari. Basi huzunguka na kuongezeka hadi mtandao wote ukwame. Ikiwa ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka alama kwa Baraza la Mitihani, atakayeumia ni mwanafunzi asiye na hatia.

Asidhani mtu kwamba haya huzipata shule maskini tu. Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, ilirejea kwenye karatasi kwa siku kadhaa mtandao wake ulipolemewa na tatizo hili.

Dawa ipo tangu 1985, Radia Perlman alipobuni utaratibu ambao kwao swichi hupeana salamu, huchagua njia moja, na kuifunga ile ya ziada mpaka itakapohitajika. Swichi zinazosimamiwa kwa kawaida huwa nao, ila baadhi hutoka kiwandani ukiwa umezimwa. Uwashwe! Matundu ya wanafunzi nayo yaagizwe kujifunga mara yapokeapo salamu hizo za swichi. Dalili za kitanzi ni taa zote kumetameta pamoja kwa kasi, na kumbukumbu za swichi kuonyesha anwani ya kompyuta moja ikirukaruka baina ya matundu.

Walimu wa kompyuta wasimwadhibu aliyechomeka waya. Wamfundishe: katika swichi iliyotengwa na mtandao wa shule, afunge kitanzi makusudi, akitambue, kisha akifungue. Kosa si la mkono wake. Ni la aliyenunua kufuli akauacha mlango wazi.