Bendi Kongwe Haili Sifa

Wapo wanaodai kwamba Them Mushrooms, au Uyoga kama walivyojiita baadaye, ni bendi iliyopitwa na wakati, na kwamba soko la muziki sasa ni la vijana peke yao. Dai hilo limerudiwa mno hata likadhaniwa kuwa kweli. Mimi silikubali.

Ndugu hao wa ukoo wa Harrison, wenyeji wa Kaloleni katika Pwani yetu, walianza kutumbuiza kama bendi mnamo 1972, wakawa wakiwaimbia watalii katika hoteli za Mombasa. Mwaka wa 1982 wakatoa "Jambo Bwana". Mwaka uliofuata kundi la Boney M. la Ujerumani likauimba kwa namna yake, na tangu hapo wimbo huo haujanyamaza. Je, bidhaa inayotakiwa kwa zaidi ya miaka 40 yaweza kuitwa bidhaa iliyokosa soko?

Basi tatizo si soko, bali ni nani avunaye. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Teddy Kalanda Harrison, aliyeutunga wimbo huo, alifariki Septemba 2024, lakini haki ya wimbo haikuzikwa pamoja naye. Hata hivyo, wanamuziki wetu wamelalamikia ugavi wa mirabaha miaka nenda miaka rudi, na malalamiko hayo yamezoeleka kama vumbi la kiangazi.

Hao Rolling Stones wa Uingereza, walioanza 1962, walitoa albamu mpya mwaka wa 2023 na mwaka uliofuata wakazunguka Marekani kwa maonyesho. Hakuna aliyewaambia wakongwe hao waige sauti za wajukuu wao. Watu hulipa viingilio ili wazisikie nyimbo za zamani kutoka kwa wenyewe. Uyoga walilifahamu jambo hili mapema: baada ya kuhamia Nairobi mnamo 1987, walishirikiana na mzee Fundi Konde kuzifufua nyimbo zake, na zilizopendwa zikapendwa upya.

Wasikilizaji wa namna hiyo wangalipo. Hapa Woodley, ambako hata nyumba za zamani zimebomolewa kupisha maghorofa, sisi wenye mvi tungali tunatoka Jumamosi usiku, na si mifuko mitupu tunayotoka nayo. Lakini wenye mabaa huona ni nafuu kumwajiri kijana mmoja mwenye mashine na kanda za wenzake kuliko kuilisha bendi yenye vinywa vinane. (Bia, hata hivyo, haijapata kushuka bei kwa sababu hiyo.)

Mwenye baa katika Barabara ya Ngong anayetangaza usiku wa zilizopendwa na aalike bendi hai japo Jumamosi moja kwa mwezi. Na leseni yake ya muziki aitundike ukutani, kando ya ile ya pombe, tuione.