Kidimbwi kidogo, yungiyungi moja

JICHO LA NYANZA
Na Akinyi Ouma

Ziwa haliko mbali na Kosele, na gugumaji lenye maua ya zambarau huokotwa bure ufuoni Kendu Bay. Ndiyo maana anayetaka kupamba kidimbwi cha nyumbani hushawishika kuteremka huko na ndoo. Asithubutu. Mmea huo ulitoka Amerika ya Kusini, na katika miaka ya 1990 uliziba Ghuba ya Winam hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Unaelea, hauhitaji udongo, na kwenye maji yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Kidimbwi cha mita mbili kwa mbili hakitauweza, na mafuriko yakisomba vichipukizi hadi mtoni, vitateremka tena ziwani tunakohangaika kuvitoa.

Mmea unaofaa ni yungiyungi la Afrika yenyewe. Lipo la buluu, ambalo Wamisri wa kale walilichora kwenye kuta za makaburi, na lipo jeupe ambalo majani yake yana kingo za meno. Yote mawili hushika mizizi kwenye tope, kwa hiyo hukaa pale ulipoyapanda. Kinachoamua uchaguzi ni saa zako za kuwa nyumbani. La buluu huchanua asubuhi na kufumba alasiri. Jeupe hufunguka jua likitua na kufumba kesho yake kabla ya adhuhuri. Mwalimu au mfanyabiashara anayerudi magharibi akipanda la buluu ataishia kuona majani tu. Tena moja linatosha, kwa sababu majani yake hutanda mita moja au zaidi. Lipande katika karai la udongo wa mfinyanzi, funika udongo kwa changarawe, kisha uliteremshe kwenye kina cha sentimita 30 hadi 60, mahali panapopata jua angalau nusu ya siku. Majani yakizidi nusu ya uso wa maji, yapunguze.

Watakaopinga watasema mayungiyungi chotara ya kigeni, mekundu na ya manjano, yanapendeza zaidi. Huenda. Lakini yungiyungi la manjano la Meksiko limegeuka gugu sumbufu katika maji ya Afrika Kusini, nasi tumekwisha kulipia uzuri wa ua moja la kigeni. Kuna haja gani ya kubahatisha tena ilhali la kwetu limezoea jua letu na maji yetu?

Pingamizi zito ni la mbu. Homa Bay na Migori ziko katika ukanda wa ziwa wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya, na mbu aina ya Anopheles funestus hupenda kutaga kwenye maji ya kudumu yenye mimea. Yungiyungi peke yake halimzuii. Majani yake yanaweza hata kumpa maficho. Jibu tunalo jirani. Mwaka 2007, Annabel Howard, Guofa Zhou na Francois Omlin walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa huko Kisii. Walitia ngege, na baada ya wiki 15 viluwiluwi vya mbu wa malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Samaki wale wale tunaowala kwa ugali ndio walinzi wa kidimbwi, mradi kingo zifyekwe ili wafike kila pembe. Ni kweli kwamba ngege wakikua hutafuna majani machanga; basi watoe wakubwa, uwapike, utie vifaranga vingine.

Kwa hiyo, kabla hujashika jembe, hesabu gharama ya vifaranga pamoja na ya ua, na ya uzio ikiwa boma lina watoto wadogo. Asiyekuwa tayari kufuga samaki asichimbe kidimbwi. Apande maua yake ardhini.