Huyo Mtoto Si Mjinga, Haoni Ubao

Watu wangu wa Kaloleni, leo naongea na wazazi na walimu, na sibembelezi mtu.

Mpaka darasa la sita niliitwa kichwa maji. Hesabu za ubaoni nilikuwa nakopi kwa daftari ya jirani. Akikosea, tunachapwa wote wawili. Kumbe shida ni macho. Wiki niliyopata miwani, nilisoma jina la matatu kabla haijafika steji. Miaka sita ya viboko, bure!

Na msiniambie kupima macho ni mambo ya Wazungu. Daktari wetu Hillary Rono, huko Kitale, alifanya utafiti katika shule 50 za Trans Nzoia, ukachapishwa 2018. Walimu walipima watoto kwa simu: herufi E inageuzwa, mtoto anaonyesha imeelekea wapi. Kisha ikatolewa picha ya ukungu anaouona mtoto, na mzazi akakumbushwa kwa SMS. Kati ya watoto 100 waliotumwa hospitali, 54 walifika. Kule kwa kadi na barua za kawaida, 22 tu.

Lakini hata hapo, karibu nusu walibaki nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu sisi husema miwani ni ya wazee, na msichana akivaa hataolewa. Upuzi!

Mwalimu, kabla ya kiboko, shika simu. Mzazi, leo usiku msimamishe mtoto mlangoni asome kalenda ya ukutani. Akishindwa, kesho asubuhi hospitali.

Anayebisha, aje hapo chini.